Ipotezi yenye haishindwi: maneno juu ya TFC zetu za uchumi

Chukua TFC yoyote ya uchumi, hapa kwetu ama fasi ingine, soma kwanza paka kichwa chake. "Mchango wa mikopo midogo katika maisha ya wanamemba, kesi ya koperative fulani, kuanzia 2018 mpaka 2022." Kisha fungua ukurasa wa ipotezi. Zimeandikwa kwa ile kondisioneli tunaijua wote: mikopo ingekuwa na mchango mzuri, ukosefu wa ufuatiliaji ungekuwa kizuizi kikubwa. Sasa ruka moja kwa moja mpaka hitimisho. Ipotezi ya kwanza imethibitishwa. Ya pili nayo imethibitishwa. Katikati kuna kurasa hamsini ama sitini, na mara nyingi hakuna kitu ndani yake chenye kingeweza kuleta jibu lingine.

Ninaandika hii juu kila mwaka, wakati wa kutetea kazi ukikaribia, wadogo wananitumia kazi zao. "Mukubwa, niangalilie paka Kifaransa." Sawa, naangalia Kifaransa. Lakini macho inaenda kwa uchumi, na uchumi ndio uko mgonjwa kuliko Kifaransa. Katika zile nilizosoma mwaka huu sikuona hata ipotezi moja iliyokataliwa. Hata moja. Ingekuwa ni kweli, basi wanafunzi wa L3 wa huku kwetu wangekuwa watabiri hodari kupita watu wote wa Banki kuu.

Mbele ya kuendelea, neno moja juu ya ukurasa wa mashukrani, kwa sababu watu wanapenda kuuchekelea. Baba, mama, mjomba wa Kampala, dada mkubwa mwenye duka, mchungaji, wenzake wote wa darasa kwa majina. Mimi siuchekelei. Mara nyingi ndio ukurasa peke yake wenye mwanafunzi ameandika bila kukopi, na ukiusoma vizuri utaona ni hesabu ya kweli: nani alilipa minervali ya mwaka wa kwanza, nani alitoa kodi ya chumba, nani alinunua kompyuta wakati ile ya kwanza iliibiwa. Mtu anapanga vyanzo vyote vya feza ya masomo yake kwa ukurasa moja na nusu, bila kusahau hata mmoja. Kisha anaingia chapita ya tatu na hiyo akili yote anaiacha mlangoni.

Tukumbushane ni nini inaombwa ili mtu amalize. Kwa mfumo wa zamani, ule wa wakubwa wetu wengi, ilikuwa miaka mitano: mitatu ya grada, G1 mpaka G3, na miwili ya lisansi, L1 na L2. Karatasi kubwa zilikuwa mbili, TFC mwisho wa G3 na memwari mwisho wa L2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 LMD imeenezwa nchini: lisansi ni miaka mitatu na krediti 180, yaani 60 kwa mwaka, 30 kwa semesta, masta ni miaka miwili na krediti 120. Neno lisansi limebaki, miaka imepunguka. Ndiyo maana tangazo la kazi likiandika "lisansi" peke yake, watu wawili wanakuja na dipoloma za jina moja, mmoja amesoma mitano, mwingine mitatu. Na yule wa grada wa zamani, mwenye naye alisoma mitatu, anabaki anawaangalia tu. Hiyo ni kesi ingine na inastahili siku yake.

Jambo lenye linanigusa leo ni hili. Krediti haihesabu paka masaa ya mwalimu kusimama mbele ya ubao. Inahesabu pia kazi yenye mwanafunzi anafanya peke yake: kusoma, kutafuta, kujaribu. Kwa karatasi, hapo ndipo mageuzi yako. Lakini kwa darasa, mtihani umebaki ule ule: rudisha silabusi kama ulivyoinunua. Angalia masharti yote ya kumaliza uchumi. Mikro, makro, hesabu, takwimu, uhasibu wa OHADA tangu Kongo ilipoingia humo mwaka 2012, ekonometri, staji. Yote hayo yana jibu lenye mwalimu analo tayari kwenye mfuko wake. Ni ile kazi ya mwisho peke yake (fasi zingine sasa wanaiita memwari ya lisansi, mimi nitaendelea kusema TFC) yenye inamwambia mwanafunzi: toka nje, tafuta kitu chenye hakiko kwenye silabusi, rudi utuambie umeona nini. Ukiiharibu hiyo, mtu anaweza kufika krediti 180 bila hata siku moja kuulizwa swali lenye jibu halijulikani. Kisha tunamuita mwanauchumi.

Sasa tuingie ndani.

Chapita ya tatu, anketi. Tuseme koperative iko na memba 400. Mwanafunzi anachukua ile fomula yenye wote tunaiita ya Alain Bouchard: 400 mara 96, gawanya kwa 400 ukijumlisha 96. Anapata 77. Muulize: 96 imetoka wapi? Atakujibu, ni ya fomula. Na juri nayo mara nyingi inaishia hapo. Kumbe 96 iko na wazazi wake. Ni 1,96 mara 1,96, mara 0,5 mara 0,5, yote gawanya kwa 0,1 mara 0,1. Ile 0,1 ya mwisho ndiyo bei yenye umekubali kulipa: kosa la pointi 10 juu ama chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake, ukiandika kwamba 54% ya wamemba wanasema mkopo umewasaidia, ukweli unaweza kuwa 44 na unaweza kuwa 64. Hapo sentensi yako ya "wengi wao wamesema ndiyo, basi ipotezi imethibitishwa" imeanguka chini, na hakuna mtu ameiokota.

Na hata hizo pointi 10 zinashika paka kama wale 77 walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili ya memba. Tunajua wote namna walichaguliwa. Ni wale walikuwa kwenye mustari mbele ya gishe siku ya Jumatatu, na binamu wawili. Wale walishindwa kulipa mkopo wakahama mtaa, wao hawako kwenye mustari. Mama mwenye aliuza mashine ya kushona ili alipe riba, naye hayuko. Ni kama kuuliza watu walio hai kama ugonjwa unaua.

Tuache anketi, twende kwa namba za mauzo, maana huko ndiko ninakasirika zaidi. Mfano huu ni wa kubuni kwa upande wa duka, lakini bei ya dola ni ile tuliiona sisi wote. Duka limeuza franka milioni 93 mwaka 2015. Mwaka 2018 limeuza milioni 128. TFC inaandika: mauzo yamepanda kwa 37,6%, usimamizi ni mzuri, ipotezi imethibitishwa, grafiki ya rangi ya bluu inapanda vizuri. Lakini mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930, na mwaka 2018 ilikuwa karibu 1600. Gawanya. Dola 100 000 mwaka wa kwanza, dola 80 000 mwaka wa mwisho. Duka yenye inanunua mali yake kwa dola limepoteza moja ya tano ya mauzo, na mwanafunzi amelipongeza mbele ya juri.

Mama yeyote muuza vitenge anajua hiyo hesabu. Anaifanya kwa kichwa mbele ya kukutajia bei, na asubuhi akisikia kwa kambisti kwamba kiwango kimepanda, bei ya jana imekufa. Sisi ni watu wa nchi yenye ilibadilisha pesa 1993, ikabadilisha tena 1998, na katikati, mwaka 1994, bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Mtoto wa hapa amekunywa inflesheni pamoja na maziwa ya mama. Namna gani basi anafika L3 ya uchumi, anapewa mstari wa namba za franka, na hatafuti kuzisafisha kwanza? Si kwamba hajui. Ni kwamba hakuna mtu amemwambia kile anachokijua sokoni kiko na haki ya kuingia kwenye TFC.

Wale wa ekonometri wanafikiri wao wamepona. Hapana. Wao wanachukua mikopo ya banki kwa upande mmoja, mapato ya kodi kwa upande mwingine, miaka mitano, 2018 mpaka 2022, wanaweka kwenye programu, programu inatema R² ya 0,97, na furaha inajaa nyumba. Pointi tano! Ukichora mstari wenye koefisienti mbili katikati ya pointi tano, umebakiwa na pointi tatu za kukusahihisha. Na kama mistari yote miwili inapanda juu ya sababu moja, kwamba franka inapoteza nguvu, itafuatana hata kama haina undugu wowote. Granger na Newbold waliieleza hiyo mwaka 1974: mistari miwili isiyojuana kabisa, kama kila mmoja unatembea na kuzurura na wakati, inaweza kutoa regresio yenye inang'aa. Iko kwenye silabusi ya ekonometri. Wanairudisha kwa mtihani, wanapata 14 kwa 20, kisha wanaisahau kwa TFC.

Nani mwenye makosa? Rahisi kusema ni uvivu wa wanafunzi, na wakubwa wanapenda hiyo. Mimi sikubali hivyo haraka. Direkteri mmoja anaweza kuwa na wanafunzi wengi kupita nguvu zake, na mshahara wenye unachelewa. Anasoma introdaksheni, anatazama plani, anasema "endelea". Mlango wa namba nao umefungwa. Sensa ya mwisho ya watu wa Kongo ilikuwa 1984, wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa hawajaoana. Anketi kubwa ya 1-2-3 juu ya kazi na matumizi ya nyumba ilifanywa 2005, ikarudiliwa 2012. Ukienda kwa kampuni kuomba bilansi, sekretere anakuangalia kama umetumwa na watu wa kodi. Barua ya fakilti inalala mezani wiki tatu. Mwisho wanakupa karatasi mbili za historia ya kampuni na organigramu, na hiyo inakuwa chapita ya pili nzima: "Kampuni iko kwenye barabara fulani, kaskazini inapakana na..." Kurasa kumi na tano za kupakana.

Kisha kuna juri yenyewe. Mwanafunzi hajinga, anajua ataulizwa nini. Mbona hapa hukuweka namba ya ukurasa? Mbona jina la mwandishi huyu halina herufi kubwa? Mbona chapita ya kwanza ni fupi kuliko ya pili? Anaulizwa umbo, basi anajenga umbo. Kama hakuna mtu atamuuliza 96 imetoka wapi, kwa nini apoteze usiku kuitafuta? Na hapo ndipo soko la wale wanaandikia wengine linapata wateja wake. Wengi wanalisema kama tatizo la maadili, na ni kweli, lakini angalia pia upande wa uchumi: kitu chenye kinafanana kila mwaka, chenye kichwa kinabadilishwa paka jina la koperative na miaka, ni rahisi sana kukitengeneza kwa wingi na kukiuza kwa bei ndogo. Kitu chenye kinadai daftari la miezi miwili ya kwenda sokoni, bei yake ingekuwa ingine.

Kuna wenzetu wanasema basi TFC iondolewe, krediti zake zipewe staji. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, na si hoja ya wajinga: wanasema mwajiri hasomi TFC, anauliza unajua kufanya nini. Lakini tuzungumze kweli juu ya staji. Wangapi kati yetu walifanya staji ya uchumi? Tulifanya staji ya fotokopi. Tulipanga mafaili, tulitumwa kununua maji, tarehe 30 tukapewa karatasi yenye kachapa imeandikwa "amekuwa na tabia nzuri". Kuondoa TFC na kuweka hiyo mahali pake ni kuvunja dirisha peke yake la nyumba kwa sababu kioo chake ni kichafu.

Mimi ningeipunguza. Kurasa ishirini zinatosha kwa lisansi ya miaka mitatu. Chapita ya kwanza ya maana ya maneno (mkopo ni nini kwa mwandishi fulani, maendeleo ni nini kwa mwandishi fulani, koperative ni nini kwa mwandishi fulani) itoke yote, hakuna mtu ameisoma tangu zamani. Swali libaki moja, na liwe swali lenye mwanafunzi hajui jibu lake siku ya kuanza. Daftari la namba alizokusanya kwa mkono wake aliweke mezani mbele ya juri, na juri ifungue ukurasa wowote imuulize: hii namba ya tarehe hii, ulikuwa wapi? Na ipotezi ikikataliwa, pointi zisipunguke hata nusu. Hilo la mwisho ndilo gumu, juu mwanafunzi anaogopa. Anafikiri ipotezi kukataliwa ni yeye kukataliwa. Ni direkteri ndiye anapaswa kumwambia siku ya kwanza kwamba "hapana, haikuongeza kitu" ni jibu zima la kisayansi, na kwa mtu mwenye anataka kuweka pesa yake kwenye koperative ile, ni jibu lenye faida kupita yote.

Watu wataniambia mada hakuna, namba hakuna. Namba za kampuni hakuna, kweli. Lakini tazama kopo la kupimia maharagwe. Bei ya kopo inaweza kukaa miezi bila kubadilika, na wakati huo kopo linapigwa kidogo chini, tumbo linaingia ndani, maharagwe yanapunguka. Hiyo ni inflesheni yenye bei haiioni. Mwanafunzi mwenye mizani ndogo ya jikoni, akienda Jumamosi nane kwa wauzaji kumi, akinunua ama akiomba kupima, anarudi na namba themanini zenye hakuna ofisi yoyote imempa. Anaweza kukuta kwamba gramu zinapunguka wakati franka inaanguka. Anaweza pia kukuta hapana, kopo ni lile lile, na ni sisi wanunuzi tunalalamika bure. Sijui. Ndiyo maana ni swali.

Ama dola yenye imepasuka kidogo. Kila mtu hapa ameshikwa na noti hiyo mkononi, safi kabisa ila pembeni imechanika milimita mbili, na muuzaji anaitazama kwa jua kisha anakurudishia. Marekani ile noti ingelipa kama nyingine. Hapa inapoteza bei, na kambisti anaichukua kwa punguzo. Punguzo ni la kiasi gani? Ni sawa kwa noti ya 100 na kwa noti ya 5? Linabadilika kutoka mtaa moja mpaka mwingine? Hiyo ni makro, ni mikro, ni nadharia ya pesa, yote ndani ya kipande cha karatasi, na swali la kwanza la kozi ya pesa, nini inafanya pesa iwe pesa, liko hapo barabarani linangojea mtu mwenye daftari.

Mwanzoni mwa 2025, wakati Goma na kisha Bukavu zilipoingia katika hali tuliyoiona, banki zilifunga milango. Watu walikuwa na pesa kwenye konti na hawakuwa na pesa mkononi. Wengine walivuka mpaka kwenda kutoa huko ng'ambo, wengine walilipa komisio kubwa ili wabadilishe pesa ya simu kuwa karatasi. Yaani dola kwenye simu na dola mkononi zilianza kuwa na bei mbili. Likelemba zilifanya nini? AVEC za mitaa zilishika ama zilivunjika? Nani aliendelea kukopesha, na kwa riba gani? Wanafunzi wa uchumi walikuwa ndani ya hiyo hali, walikula ndani yake, walilipa hiyo komisio. Kuna watu ng'ambo wenye wataiandika siku moja kwa ripoti nzuri, na sisi tutaisoma kwa Kiingereza. Na miaka inapita, watu wanasahau komisio ilikuwa ngapi wiki gani. Mtu mwenye bado yuko na mesaji za simu yake za miezi ile, asizifute.

Kwa upande wetu kama chama, pendekezo langu ni dogo. Tumezoea kuweka hapa picha za siku ya kutetea kazi, maua, kravati, familia imesimama. Ziendelee, zinapendeza. Lakini mwenye ametetea aweke pia fishe zake za anketi, hata kwa picha za simu, majina ya watu yakiwa yamefutwa, tuzikusanye fasi moja. Mdogo wa mwaka ujao mwenye anafanya kazi juu ya koperative ya mtaa ule ule ataanzia pale mwingine aliishia, hatarudilia kuuliza watu 77 wale wale.

Na kama kuna mtu kati yetu alitetea kazi yenye ipotezi yake ilikataliwa, na juri ikampa pointi nzuri, aniandikie. Nataka kuisoma yote, na ukurasa wa mashukrani pia.